Shajara ya mradi: masharti ya kujaribu king'ora cha tetemeko, Bukoba

Februari 9

Vifaa vimetangulia karatasi. Vipimaji vya Raspberry Shake vimetulia kwenye sakafu zake za zege, kila kimoja kinapima mtetemo mara 100 kwa sekunde na kuutuma kwenye seva, na SeisComP, programu ya kuchambua matetemeko, inasoma yote bila kulalamika. Maboksi ya king'ora yamepangwa mezani: spika, taa, betri. Halitawashwa hata moja kabla mwenye eneo hajatia saini masharti ya majaribio, na masharti hayo kwa sasa ni kurasa chache ambazo wino mwekundu wa mwanasheria wetu umezidi mweusi wangu.

Walioomba kujaribu ni shule mbili za sekondari za bweni, hospitali moja ya misheni, kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa, na mzee mwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa. Wote wanalikumbuka tetemeko la 2016, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini tunahangaika.

Niiweke hesabu hapa, maana mkataba mzima unaegemea juu yake. Tetemeko la Jumamosi, Septemba 10, 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, lilitokea kina cha kilomita 40 hivi, na kitovu chake kilikuwa kama kilomita 40 kutoka Bukoba mjini. Liliua watu wasiopungua 17, na sekondari za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa. Wimbi la kwanza, P, husafiri kilomita 6 hivi kwa sekunde. La pili, S, ambalo ndilo linaloangusha kuta, husafiri kilomita 3.5 hivi. Kama siku ile tungekuwa na kipimaji juu kabisa ya kitovu, P lingekifikia kwenye sekunde ya 7. Ongeza sekunde tatu za kupokea, kuhesabu na kutuma, uko kwenye sekunde ya 10. S linaingia mjini sekunde ya 16. Kwa hiyo mjini wangepata sekunde sita, na aliyekuwa juu ya kitovu angepata moja au asipate kabisa. Hapo mtandao haujasuasua na umeme haujakatika. Mtu anayewaahidi watu wa Kagera nusu dakika kwa tetemeko la namna ile anauza upepo.

Sekunde sita zinatosha kuingia chini ya dawati. Hazitoshi kushuka ghorofa. Sentensi hizi mbili nimeziweka ukurasa wa kwanza wa mkataba, juu ya majina.

Februari 14

Leo leseni za programu, ambazo ni kazi rahisi kuliko nilivyotegemea. SeisComP ya sasa, inayotunzwa na kampuni ya gempa na kituo cha utafiti cha GFZ cha Potsdam, Ujerumani, iko chini ya AGPL toleo la 3, leseni ya programu huria. Zamani, enzi za SeisComP3, leseni yake ilikuwa na vizuizi vya matumizi ya kibiashara, na bado kuna maandishi mengi yanayozunguka mtandaoni yanayoitaja hiyo ya kale. Mwanasheria wetu alikuwa ameshika mojawapo. Kwa AGPL, kiwanda cha kahawa kuwa biashara si tatizo. Tatizo, kama lipo, ni kifungu cha 13: ukibadilisha msimbo na watu wakautumia kupitia mtandao, sharti uwape njia ya kuupata msimbo uliobadilishwa.

Sisi tumegusa kidogo tu, na hati ya kutuma ujumbe kwenye maboksi inasimama peke yake. Tungeweza kubishana kama kifungu cha 13 kinatugusa au hakitugusi. Nimeona ubishi huo haulipi. Kila kitu tunakiweka wazi, pamoja na michoro ya boksi. OpenEEW, mradi wa tahadhari za tetemeko ambao kampuni za Grillo na IBM ziliupeleka Linux Foundation mwaka 2020, uliachia msimbo wake kwa leseni huria ya Apache 2.0, na tumejifunza mengi humo bila kumwomba mtu ruhusa. Deni la namna hiyo hulipwa kwa kufanya vilevile.

Lakini niliandike hili mapema: leseni hizi zinaeleza haki zangu juu ya programu. Hazisemi chochote juu ya haki za mwanafunzi aliyelala bwenini chini ya spika yangu. Hayo lazima tuyatunge wenyewe.

Februari 22

Nimesoma jinsi wakubwa walivyoanza. Idara ya hali ya hewa ya Japani haikufungua mlango kwa kila mtu siku ya kwanza. Agosti 2006 tahadhari za tetemeko zilianza kwenda kwa watumiaji maalumu, kama mashirika ya reli, walioelewa udhaifu wake. Umma ulisubiri hadi Oktoba 1, 2007. Na hadi leo kampuni binafsi ya Japani inayotaka kutabiri nguvu ya mtikisiko lazima ipewe kibali, ilhali onyo lenyewe ni mali ya idara ile peke yake.

California ni hivyohivyo. ShakeAlert, mfumo wao wa tahadhari ya tetemeko, ilianza kutuma taarifa kwa wajaribu wachache mwezi Januari 2012. Treni za BART za eneo la San Francisco zilianza kutumia tahadhari kupunguza mwendo mwaka huohuo. Baadaye shirika la jiolojia la Marekani, USGS, likaweka ngazi mbili kwa washirika: kwanza leseni ya majaribio, halafu, ukionyesha kuwa mtambo wako unafanya unachodai, leseni ya kuendesha. Watu wa kawaida jimbo zima walipata tahadhari kwenye simu Oktoba 17, 2019.

Ukiweka mifano hii pamoja unaona kitu ambacho hakikunijia nilipokuwa nahangaika na fidia na mahakama. Kote huko swali kubwa la kipindi cha majaribio ni moja: nani anaruhusiwa kuipeleka tahadhari kwa mwingine. Mjaribu akiipitisha kwa jirani, jaribio limekwisha kuwa tangazo la umma, uwe tayari usiwe tayari.

Nimekifanya kipengele cha kutosambaza kuwa cha 4, kabla ya fidia. Mwanasheria hakufurahia mpangilio huo. Kwa desturi yao mambo ya nani alipe nani hutangulia.

Machi 3

Mkutano na wajaribu, ukumbi wa shule. Chai, maandazi, na rasimu iliyochapwa kwa herufi kubwa kwa ombi la mzee wa nyumba ya wageni.

Walipita kipengele cha 1 hadi cha 3 kama watu wanaosoma bei ya sukari. Cha 4 kikatuweka pale hadi adhuhuri. Kilisema: mjaribu hataituma, hataisoma kwa simu, wala hataiweka kwenye kundi lolote la WhatsApp tahadhari itakayotoka kwenye boksi, iwe ya kweli au ya majaribio.

Sista wa hospitali ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, hapa unaniambia Mungu akinipa sekunde sita nizifungie kabatini."

"Hapana, Sista. Spika iko wazi. Anayeisikia kwenye uzio wako ameisikia, hata kama ni mpita njia."

"Na dada zangu wa zahanati ya pili, kilomita tano kutoka hapa? Wao hawana spika."

Hapo nilitoa saa ya simu, nikamwomba Mwalimu Mkuu afanye kama king'ora kimelia sasa hivi na atume ujumbe kwa mtu yeyote aliyemo ukumbini. Alifungua simu, akatafuta kundi, akaandika maneno mawili, akatuma. Aliyepokea aliusoma baada ya sekunde 31, na Mwalimu ni mtu mwepesi wa vidole kuliko mimi. Kwenye hesabu ya 2016, S lingekuwa limeshapita mjini zamani.

Ndiyo hoja yenyewe, na sijui kwa nini sikuiandika hivyo tangu mwanzo. Kwa tetemeko la karibu, ujumbe wa kusambazwa haumwokoi mtu. Unamfikia vumbi likiwa limeshatimka. Na akiupokea baada ya mtikisiko, usemao "tetemeko linakuja", ataelewa nini? Ataelewa kwamba jingine linakuja. Atawatoa watoto nje, atapiga simu kwa wengine kumi. Walimu waliokuwapo 2016 hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Watu walilala nje usiku ule na usiku uliofuata, na kila aliyekuwa na simu alikuwa na saa yake ya tetemeko lijalo.

Sista alinyamaza kidogo, kisha akasema tuweke sababu ndani ya kipengele chenyewe, maana amri bila sababu wauguzi wake wataivunja. Kweli. Kipengele cha 4 sasa kina aya ya maelezo iliyo ndefu kuliko katazo lenyewe, na mwanasheria ameambiwa asiiguse.

Mzee wa nyumba ya wageni akauliza kama anaweza kuandika kwenye bango lake kuwa wageni wake wanalindwa na king'ora cha tetemeko. Ukumbi ulicheka. Mimi niliandika kipengele cha 5 palepale: jina la mradi halitatumika kutangaza biashara wakati wa majaribio.

Machi 11

Kuwajibika. Rasimu ya mwanasheria ilisema mradi hautawajibika kwa lolote litakalotokea. Nimemwambia sitasimama mbele ya Mwalimu Mkuu na sentensi hiyo. Akanijibu, kwa haki, kwamba AGPL nayo katika vifungu vya 15 na 16 inakana dhamana na dhima, mbona hiyo nimeikubali. Tofauti ni kwamba aliyeandika SeisComP hajui kama boksi langu liko juu ya kitanda cha nani. Mimi najua, nililifunga mwenyewe.

Tulipofika ni hapa. Mradi hauahidi kwamba tahadhari itatoka, wala kwamba itawahi, wala kwamba haitalia bure. Hata Japani, yenye maelfu ya vituo, Januari 5, 2018 ilitoa onyo zito lisilo na ukweli kwa sababu matetemeko mawili ya sehemu tofauti yalitokea karibu wakati mmoja na kompyuta ikayahesabu kuwa moja. Lakini mradi unaahidi yaliyo mikononi mwake: boksi likipoteza mawasiliano, taa itatoka kijani kwenda nyekundu ndani ya dakika mbili, kila mlio na kila tetemeko lililopita bila mlio litaandikiwa taarifa ndani ya saa 48, na boksi likimwangukia mtu au likiunguza ukuta kwa uzembe wetu, ni letu. Hilo la taa lilimgusa sana Mwalimu. Boksi lililokufa na boksi lisilo na la kusema vyote viko kimya, alisema, na asingependa kuweka imani kwenye maiti.

Mwanasheria alileta kesi ya L'Aquila, kama wafanyavyo wote wakisikia neno tetemeko. Tetemeko la Aprili 6, 2009 liliua watu zaidi ya 300 katika mji huo wa Italia. Oktoba 2012 mahakama ikawahukumu wataalamu saba kifungo cha miaka sita kila mmoja, na Novemba 2014 rufaa ikawaachia huru sita kati yao. Watu husimulia kesi ile kana kwamba walishtakiwa kwa kushindwa kutabiri. Shtaka lilihusu namna wananchi walivyotulizwa kabla ya siku ile. Nilichokitoa humo ni kipengele kimoja kifupi: boksi halina ujumbe wa "hatari imepita". Halitakuwa nao. Na mtu yeyote wa mradi akiulizwa kama kuna jingine, jibu lake ni kwamba mfumo huu hautabiri.

Kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kuupotosha umma. Faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Mlio wa bure wa kompyuta hauna nia. Mtu anayechukua ujumbe wa majaribio, akakata neno JARIBIO na kuutupa kwenye kundi, huyo anausogelea mlango. Nimeliweka hilo ndani ya mkataba kwa lugha ya kawaida, bila vitisho.

Machi 18

Siku nzima kwenye neno JARIBIO. Ujumbe wetu unafuata CAP, muundo wa kimataifa wa ujumbe wa tahadhari, ambao una uga wa hali wenye thamani tano: Actual, Exercise, System, Test, Draft. Kwa mashine hiyo inatosha. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza aliyeshtuka usingizini haimsaidii kitu. Hawaii, Januari 13, 2018, zamu ilikuwa kwenye zoezi, na simu za jimbo zima zikapokea onyo la kombora lililomalizia kwa kusema hili si zoezi. Ilichukua dakika 38 kulifuta kwenye simu zilezile.

Tumekubaliana sauti ya tahadhari isilie kamwe kwa majaribio ya fundi. Fundi ana mlio wake, wa chini, kama wa saa ya mezani. Sauti ya tahadhari italia kwenye zoezi la shule tu, lililotangazwa gwaride la asubuhi, na mwalimu wa zamu akiwa amesimama karibu na boksi. Mwalimu Mkuu akauliza: na tetemeko likija siku ya zoezi? Limeshatokea. Mexico, Septemba 19, 2017, nchi ilifanya zoezi saa tano asubuhi, na saa saba na dakika 14 mchana likaja la kweli la 7.1. Kwa hiyo zoezi halizimi mfumo, na likiisha mwalimu anasema kwa sauti kwamba limeisha. Kipengele cha 8.

Kizingiti nacho, yaani kiwango ambacho chini yake boksi halilii. Tumeanza na ukubwa wa 4.5 na mtikisiko unaotarajiwa kuhisiwa mahali pa boksi. Julai 2019 watu wa Los Angeles walilalamika kuwa programu ya simu haikulia kwa matetemeko ya Ridgecrest ya 6.4 na 7.1, ilhali ilikuwa imefuata kanuni yake, kwa kuwa mtikisiko uliotarajiwa mjini ulikuwa mdogo kuliko kiwango kilichowekwa. Kiwango kikashushwa. Wajaribu wetu watatia saini kwamba wameelewa kimya kinaweza kuwa sahihi, na wana haki ya kuomba kizingiti kibadilishwe kwa eneo lao.

Kiwanda cha kahawa walitaka boksi lizime mashine ya kukoboa lenyewe. Sio awamu hii. King'ora kinaongea na watu. Kuongea na mashine kutahitaji karatasi nyingine na fundi wa umeme mwenye leseni yake.

Machi 27

Data. Nilidhani ni kipengele cha mistari miwili. Mzee wa nyumba ya wageni ndiye aliyekifumua, alipokaa karibu nami akitazama mistari ya kipimaji chake kwenye skrini.

"Hiki nini, saa nane usiku?"

Ilikuwa nyayo. Mtu alipita ukumbini, mlango ukapigwa, gari likaondoka. Kipimaji cha tetemeko hakichagui. Mwaka 2020, wakati wa kufungiwa kwa ajili ya korona, vituo vya dunia nzima vilionyesha kelele za binadamu zimepungua kwa hadi asilimia 50. Kinachoonekana kwa dunia kinaonekana kwa nyumba ya wageni, na mzee ana wageni ambao hawapendi kuhesabiwa.

Kwa hiyo data ya mfululizo ya nyumba za watu haitachapishwa. Tutachapisha vipande vya matetemeko tu, kwa leseni ya CC BY 4.0, ili mtafiti au mwanafunzi yeyote avitumie kwa kututaja. Data ya shuleni, ambako kipimaji kiko stoo, shule imeruhusu yote. Namba za simu za wajaribu ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023: tunazichukua kwa ridhaa ya maandishi, kwa kazi moja ya kuwajulisha hali ya boksi, na mjaribu akijitoa zinafutwa.

Kujitoa kwenyewe ni rahisi: siku yoyote, bila sababu, kwa kuchomoa waya na kututumia ujumbe. Mwanasheria alitaka notisi ya siku 30. Notisi ya nini? Mtu anayelala chini ya boksi asilolitaka si mjaribu.

Aprili 8

Shule zote mbili zimetia saini. Wakuu wa shule ndio waliotia, na nakala imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila bweni, ukurasa wa kwanza na kipengele cha 4 tu. Kurasa nyingine ziko ofisini kwa anayetaka. Mzee wa nyumba ya wageni naye amesaini, akilalamikia bango lake. Kiwanda kimejitoa kwa sasa: bila kuzima mashine hawaoni faida, na siwezi kuwalaumu, maana mashine ikinguruma spika yetu haisikiki. Wakirudi, kipengele cha mashine, cha 6, kitaandikwa upya kuanzia kwenye waya.

Nakala ya hospitali iko kwa washauri wa dayosisi. Wameuliza swali zuri: kama king'ora kikilia daktari yuko katikati ya upasuaji, masharti yanamtaka afanye nini? Nimewajibu kwa maandishi kwamba hayamtaki lolote, na kwamba hatutafunga spika chumba cha upasuaji wala korido yake hadi madaktari wenyewe watuandikie wanachokitaka. Wamesema watakaa Alhamisi.

Boksi la shule ya kwanza limewashwa saa nne asubuhi kwa mlio wa fundi. Betri ya shule ya pili inashuka chaji haraka kuliko inavyopaswa. Fundi ataibadilisha kesho kabla ya zoezi, na zoezi halitafanyika mpaka ikae saa 24 bila umeme wa ukutani.